Aliyefutwa Siye Aliyestaafu

2 Machi

Mwanangu Chiriku,

Kabla sijasema lolote: unakula? Unalala? Kile kikohozi kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Jibu hayo kwanza ndipo uendelee kusoma.

Sisi huku wazima. Mama mdogo wako mguu unamkaba asubuhi, ukishapata moto anatembea. Mwenye nyumba ameziba bati lililokuwa likivuja, sasa linavuja pembeni. Jirani yetu Redio hajambo, na angekuwa na jambo ungeshasikia huko uliko.

Simu yangu usiipige tena. Niliisahau kwenye mfuko wa aproni, aproni ikaingia mashine kubwa pamoja na mashuka ya wodi ya wazazi. Imetoka safi, haisemi. Wenzangu walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza nani kafa. Mimi sijasikitika sana. Kwenye simu wewe husema "niko salama mama", halafu tuu, tuu, tuu. Karatasi haina pa kukatia.

Sasa neno lenyewe. Mama mdogo wako anaacha kazi mwisho wa mwezi huu. Ameomba mwenyewe kustaafu mapema, kwa ajili ya mguu. Tulizaliwa siku moja, tukaajiriwa siku moja kwenye chumba kile kile cha kufulia. Mimi nilimtangulia kutoka tumboni, yeye ananitangulia kutoka kazini. Nimemwambia huo si ustaarabu.

Halafu kuna jambo la milango. Wametufungia vidude ukutani, kila mtu kapewa kadi. Unaigusisha, taa ya kijani inawaka, mlango unaachia. Msimamizi akasema hayo ni mambo ya makao makuu. Nikasema kwa sauti, makao makuu ndiko aliko mwanangu, tena ndiye anayetunza majina yetu. Wewe! Tangu siku hiyo wananiita Mama Makao Makuu. Tatizo wananiuliza unafanyaje, nami sijui pa kuanzia. Nieleze kazi yako, lakini nieleze kama mtu aliyeishia darasa la nne. Maneno makubwa waachie wakubwa.

Na utakuja lini?

Mama yako

12 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na mpe mama mdogo shikamoo yake peke yake, asije akasema nimewachanganya. Nakula. Nalala. Kikohozi kimehama bila kuaga. Simu yako nimeicheka ndani ya basi, watu wakadhani nimepandwa na pepo.

Kazi yangu ni hivi. Huku kuna kompyuta moja, tunaiita seva, inayoshika orodha kuu ya wafanyakazi wa hospitali zetu zote: jina lako, namba yako, kitengo chako, mlango gani unaruhusiwa. Milango nayo ina orodha yake. Shida ni kwamba hizi orodha mbili hazisemezani. Nesi akihamishwa wodi leo, orodha kuu inajua leo, mlango unajua wiki ijayo, pale mtu anapobeba orodha nzima na kuimwaga upya. Katikati hapo nesi anagonga mlango kama mgeni.

Mimi nimepewa kazi ya kukomesha huko kubeba orodha nzima. Seva ile huandika kila badiliko kwa mfuatano: fulani kaongezwa, fulani kahamishwa, fulani kafutwa. Naiseti itoe badiliko hilo tu, papo hapo linapotokea, na milango ilipokee. Ni kama wewe na mama mdogo mnavyopokezana zamu. Humhesabii kila shuka lililo kabatini. Unamwambia, "Ya wodi ya watoto yametoka, mengine vile vile," naye anajua pa kuanzia.

Tunaanza na hospitali moja ya majaribio, tarehe mosi Aprili. Nimeomba iwe yenu, kwa sababu naijua mpaka harufu ya sabuni yake.

Mama, na wewe fikiria kupumzika. Niliiona mikono yako nilipokuja mara ya mwisho, imepasuka kila kiungo. Nikifungua orodha naliona jina lako chini ya la mama mdogo, na kidole kinaniwasha. Bonyezo moja tu, nikufute, ukalale. Natania. Nusu natania.

Kuhusu kuja, nivumilie kidogo.

Chiriku wako

1 Aprili

(Barua hii haikutumwa siku yake.)

Chiriku,

Leo sina salamu.

Tulimuaga mama mdogo wako vizuri, tukamwimbia, akalia, akakana kwamba amelia. Asubuhi ya pili yake nimefika mlangoni, nimegusisha kadi, taa nyekundu. Nikaifuta kwenye gauni. Nyekundu. Nikaipulizia kama chai. Nyekundu. Nyuma yangu foleni, watu na ndoo zao. Yule mpiga pasi mrefu akapaza sauti: "Mama Makao Makuu, mwanao kakufuta!" Wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, maana nisingecheka ningefanya nini. Mmoja akanifungulia kwa kadi yake nikaingia kwa hisani.

Nimekunja mashuka mpaka mchana ndipo barua yako ikanirudia. Bonyezo moja tu.

Mwanangu, mimi nilidhani ule ni utani. Nusu niliyoiona ni ile ya kucheka, kumbe wewe ulikuwa kwenye nusu nyingine. Najua umefanya kwa mapenzi, hilo sina shaka nalo. Lakini hukuniuliza. Mikono hii unayoionea huruma ndiyo niliyokushika nayo siku ya kwanza ya shule, ilikuwa imepasuka vile vile na hukuikataa. Ningekuwa nimechoka ningesema. Mdomo ninao.

Na nifanye nini sasa? Nikimweleza msimamizi, ataandika makao makuu. Makao makuu wataangalia nani kagusa jina langu. Hapo nitakuwa nimekushtaki wewe, kazi yako mpya kabisa. Mama gani anamshtaki mtoto wake kwa waajiri?

Mama mdogo wako kanisikiliza, akafungua mkoba akanitupia kadi yake mapajani. Kumbe ya kwake bado inafungua. Alikwenda kuchukua viatu alivyosahau, akaijaribu kwa mazoea, ikawaka kijani.

Nikamwambia, "Ina picha yako hii."

"Picha yangu ipi? Marehemu shemeji yako mwenyewe alikuwa anatuchanganya, sembuse mlango."

Tukacheka hadi Redio akagonga ukuta. Nilipomaliza kucheka ndipo nililia.

Kesho naingia kama yeye. Barua hii siipeleki popote.

6 Aprili

Chiriku,

Barua yako niliipata. Kazi yako nimeielewa.

Sisi wazima. Mama mdogo amestaafu salama. Mimi kazini naenda.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho nimeigeuza nyuma na mbele nikidhani kuna ukurasa mwingine. Haina bati, haina mguu wa mama mdogo, haina hata Redio. Unaumwa? Au umenikasirikia kwa kuwa sikuja kumuaga mama mdogo? Kama ni hilo niseme ukweli niliokuficha: niko kwenye majaribio, siruhusiwi likizo. Kazi hii ya milango ikipita, natia sahihi ya ajira ya kudumu. Isipopita, nafunga mizigo. Sikutaka ukeshe ukiniombea.

Sasa naona naweza kukwambia, kwa sababu imepita. Tangu mosi Aprili hospitali yenu inakwenda yenyewe. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyekuwa jaribio langu la kwanza la kufuta. Walipomwondoa kwenye orodha kuu, nikakodoa macho kwenye kioo cha kompyuta, badiliko likatoka, milango ikajibu: limepokelewa, mtu mmoja ameondolewa. Nikahesabu waliobaki kwenye orodha kuu, nikahesabu waliobaki kwenye milango. Sawasawa. Mkuu wangu, ambaye kutabasamu ni kama anatozwa kodi, akatabasamu.

Tarehe mosi Juni tunakwenda hospitali zote. Si milango ya kufulia tu, bali vyumba vya dawa na vya upasuaji pia. Nikifikiria hilo nahesabu tena, nakuta hesabu inalingana, najituliza.

Niandikie barua ndefu. Hata ya kunitukana.

Chiriku

29 Aprili

Chiriku,

Sijakukasirikia kwa kutokuja. Usiniwekee maneno mdomoni.

Ahsante kwa kunieleza kuhusu majaribio. Nimesoma hapo mara nyingi. Basi ni vizuri kwamba mambo yanakwenda na mkuu wako anatabasamu. Mtu asiyaharibu.

Huku mvua imeanza. Mashuka hayakauki, chumba cha mashine kinavuja jasho. Msimamizi kapata mafua, anapiga chafya juu ya nguo tulizokwisha kufua. Mama mdogo wako hajazoea kukaa. Anafua mapazia yasiyo machafu.

Nina swali, si kwamba lina maana. Hicho kitu chako, mtu akifutwa bila yeye kujua, kinamuuliza? Kina mahali pa kusema "huyu bado yupo"? Au kikishaambiwa kimeambiwa?

Na mtu anayefuta, akishafuta, analala usingizi?

Nauliza tu, ili niwaeleze wenzangu.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Sina muda wa salamu, utanisamehe. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi kwa mkono wangu, aiache ofisi ya mizigo. Nimejaribu simu ya Redio, nikamkuta, akaniambia uko kazini. Akaniuliza kuna nini kwa sauti ya mtu aliyekwishashika kipaza sauti, nikasema nasalimia.

Mkaguzi wa ulinzi ameleta ripoti. Kadi ya mama mdogo inafungua mlango wa chumba cha kufulia kila siku ya kazi tangu astaafu. Huku wamesema ni mwizi, au ni yeye anaingia kuiba mashuka. Tarehe ishirini asubuhi walinzi wataanza kumngoja mlangoni. Atakayeigusisha kadi ile atashikwa na kupelekwa polisi. Mama, mwambie mama mdogo akae nyumbani! Kadi aivunje, aitupe, asiipeleke popote. Sijui anafuata nini kule, kama ni upweke atakuja kukaa na mimi.

Nilitakiwa nisikwambie haya. Nimekwambia.

Sasa sikiliza kinachonikosesha raha. Mimi niliona kwa macho yangu milango ikijibu kwamba mtu mmoja ameondolewa. Hesabu inalingana mpaka leo. Sasa kama mama mdogo bado yumo, aliyeondolewa ni nani?

Nimerudia kusoma namna nilivyoiseti. Mtu akiongezwa, badiliko linakuja na vitu vyake vyote, ikiwemo namba yake ya kudumu. Lakini akifutwa, linakuja jina na kitengo tu. Namba imeshaondoka naye. Kuna mpangilio mmoja wa kuiambia seva iache namba ile kwenye taarifa ya kufuta, na mimi sikuuwasha. Kwa hiyo milango ilitafuta kwa jina. Na milango, mama, haiandiki jina lote. Inaandika herufi ya kwanza, jina la baba, na kitengo.

Nimemwambia mkuu wangu nina wasiwasi. Amesema, "Una mtu aliyelalamika?" Sina. "Hesabu inalingana?" Inalingana. "Basi una wasiwasi, huna tatizo." Orodha ya majina ya milango iko kwa kampuni iliyofunga vile vidude, wameahidi kuileta baada ya uzinduzi. Na tukizindua hivi, kila hospitali yenye watu wawili wa jina la kufanana, siku mmoja akiondoka, mwingine anafungiwa nje. Mmoja wao atakuwa nesi, nje ya chumba cha dawa.

Mama. Herufi yako ya kwanza na ya mama mdogo ni moja. Baba mmoja. Kitengo kimoja.

Kadi yako inafungua?

Chiriku

20 Mei

Mwanangu, mwanangu Chiriku,

Naandika nikiwa kwenye chumba cha walinzi, karatasi ni yao, kalamu ni ya mzee wa getini. Usishtuke. Niko huku kwa miguu yangu.

Barua yako imenifikia jana jioni. Redio aliichukua ofisi ya mizigo tangu siku ile, kwa wema wake, halafu akasafiri kwenda kumuuguza shangazi yake na barua mkobani. Karudi jana. Alinipa huku ananitazama usoni apate taarifa ya habari. Nikamfungia mlango.

Nimeisoma nimesimama, mama mdogo wako akinishikia taa. Nilipofika pale pa mwisho nikakaa chini. Kumbe hukunifuta. Wiki zote hizi nimekula chakula nikijua mwanangu kanifuta, na wewe uko huko unauliza kama kadi inafungua.

Haifungui. Tangu mama mdogo wako astaafu. Na mwizi wa mashuka mnayemngoja ni mimi.

Mama mdogo wako akasema, "Basi rahisi. Kesho usiende. Kadi naitia jikoni. Hakuna mwizi, hakuna kesi, mtoto anapata ajira yake, wewe unapumzika kama alivyotaka." Nikamwambia umesema kweli. Tukazima taa. Lakini kila nikifumba macho namwona yule nesi wako nje ya chumba cha dawa, anagusisha, nyekundu, anaifuta kwenye gauni, nyekundu. Mimi nikifungiwa nje yanayokosekana ni mashuka. Yeye ana mgonjwa anayengoja dawa.

Na mkuu wako kauliza kama una mtu aliyelalamika. Haya.

Asubuhi nimevaa aproni safi nimekwenda. Mlinzi kijana kasimama pale kifua mbele kama anangoja mgeni wa heshima. Nikamwamkua kabla hajaniamkua, akachanganyikiwa.

Nikasema, "Mwanangu, unamngoja mwizi?"

"Mama pita tu, nina kazi."

"Siwezi kupita. Tazama." Nikagusisha kadi yangu. Nyekundu. "Huyu ni mimi, na mlango unasema sipo." Nikatoa ya pili nikagusisha. Kijani. "Huyu amestaafu, yuko nyumbani anafua mapazia. Mlango unasema karibu. Sasa nishike."

Kijana akatazama kadi, akanitazama mimi, akatazama kadi. "Mbona ni wewe huyu?"

"Si mimi. Tazama vizuri. Mimi ndiye mzuri."

Yule mpiga pasi mrefu alikuwa nyuma yangu, akacheka tena na wenzake, ila safari hii kicheko kilikuwa kingine. Mzee wa getini akaja, akasema nimefanya kosa kutumia kadi ya mtu mwingine. Nikasema ndiyo, nimekosa, andika hilo. Lakini andika na la kwanza. Andika yote mawili kwa mfuatano, upeleke huko juu leo hii, wakiuliza nani kalalamika jina langu unalo. Msimamizi akaja na mafua yake, akasema hili lingesemwa ndani tukalimaliza. Nikamwambia lingeishia ndani.

Mzee wa getini ameandika ripoti. Nimemwona akiipeleka kwenye kompyuta yake.

Sasa Chiriku, naogopa. Pale mlangoni sikuogopa, sasa ndiyo naanza. Nimekuharibia? Nilinyamaza ili nisikuharibie, na sasa nimesema, na kote kuwili naona ni wewe unayeumia. Kama watakufukuza, njoo nyumbani. Bati linavuja pembeni tu.

Nakuwekea humu na barua ya Aprili ambayo sikuituma. Sitaki kibaki kitu usichokijua. Isome ukiwa umekaa.

Mama yako

28 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo mara mbili, ya leo na ile niliyoruka tarehe tisa.

Nimeisoma ile ya Aprili. Kilichoniuma si kwamba uliamini. Ni kwamba mimi ndiye niliyekupa cha kuamini. Nisingeandika utani ule ungekuja juu siku ile ile, ungenisema, tungelijua kosa kabla halijamaliza hata juma. Nisamehe.

Sasa nikupe yaliyotokea mezani. Ripoti ya mlinzi ilifika kabla ya barua zako, lakini haikusomwa mpaka nilipokwisha kuzisoma zote mbili. Mkuu wangu aliisoma kwa sauti mbele ya kitengo kizima: "Mwanamke mwenye kadi mbili, anadai mlango haumjui." Mtu mmoja akacheka. Nikasema, "Ni mama yangu." Aliyecheka akatazama viatu vyake.

Nikaeleza yote. Namba ya kudumu ambayo sikuiwasha, jina lililofupishwa, hesabu iliyolingana kwa sababu kila upande ulipungua mtu, ila si mtu yule yule. Sikumtaja mwingine, kosa ni langu. Mkuu akawatoa wote, tukabaki wawili.

Akasema, "Umri wake ni sawa na wa dada yake, si ndiyo? Dada amestaafu mapema, naye anaweza. Tunamwandikia barua ya kustaafu, anapata haki zake zote. Kadi ya dada tunaifuta kwa mkono. Orodha zinalingana majina kwa majina, tunazindua mosi Juni, hilo la namba utalirekebisha polepole baadaye. Na mkataba wako huu hapa." Alikuwa nao kweli, mama, chini ya kiganja.

Nikutamkie ukweli wote, kwa kuwa tumekubaliana kisibaki kitu. Niliutazama ule mkataba. Niliiona mikono yako. Nilikuona umelala mpaka jua limepanda, mara ya kwanza tangu nikujue. Lilikuwa lile lile nililolitaka, na safari hii wala kidole changu kisingehusika. Angebonyeza mwingine.

Halafu nikakumbuka mstari wako: hukuniuliza.

Nikasema, "Hajaomba kustaafu."

"Atafurahi."

"Labda. Lakini hajaomba."

Mkuu akauchukua mkataba akaurudisha kwenye droo, taratibu, ili niuone ukienda. Uzinduzi umeahirishwa. Kazi ya kuongoza amepewa mwenzangu, mimi niko chini yake, majaribio yangu yameongezwa. Sikufukuzwa. Nimeiwasha ile namba, tumejaribu kufuta watu wa uongo wenye majina yanayofanana, mmoja baada ya mwingine, na kila mara ameondoka yule aliyetakiwa. Orodha ya kampuni nayo imetolewa haraka baada ya ripoti yako, tunalinganisha jina kwa jina, hatuhesabu tena.

Kwako watakuletea barua ya onyo kwa kutumia kadi ya mama mdogo. Ipokee. Na jina lako nimelirudisha mwenyewe. Niliona badiliko likitoka, nikaona milango ikijibu, na safari hii sikuamini jibu. Mama, nenda ukagusishe, kisha uniambie wewe.

Chiriku

6 Juni

Mwanangu Chiriku,

Unakula? Huko kuwekwa chini ya mwenzako kusikukoseshe chakula. Mwenzako ni wa kike au wa kiume? Ana adabu?

Sisi wazima. Mguu wa mama mdogo umepata nafuu kwa kuwa mapazia yameisha. Kadi yake wamekuja kuichukua, akawapa huku anasema haina shukrani, imefanya kazi kuliko yeye. Redio anasimulia mtaa mzima kwamba barua ile aliileta yeye, kwa hiyo hospitali zote zimeokolewa na yeye. Tumemwachia.

Onyo nimelipata, lina mhuri. Nimelipokea kwa mikono miwili.

Nilikwenda kugusisha siku barua yako ilipofika. Wote walijipanga nyuma yangu, hata wa zamu nyingine, yule mpiga pasi mrefu mbele kabisa. Nikaiweka kadi ukutani, nikafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Nikasikia mlango ukiachia kabla sijayafumbua.

Niliingia. Mashuka yalikuwa mlima. Nimefua mpaka nikasahau kama nilikuwa nimefurahi.

Sasa sikiliza, nawe ukae chini. Usiku nimejipaka mafuta mikono, nimeitazama kwa muda. Ni kweli imechakaa, sitabishana na wewe kwa hilo. Kuna asubuhi vidole havikunji. Siku moja nitachoka, Chiriku, na siku hiyo nitakuandikia wewe kabla sijamwambia msimamizi, kabla hata ya mama mdogo wako. Wewe ndiye utakayenifuta. Nitataka bonyezo liwe lako.

Lakini ungoje barua yangu.

Na utakuja lini?

Mama yako